Kadi mbili, lango moja

Jumatano, mwisho wa Agosti. Upepo umevuma tangu asubuhi, ule upepo wetu wa Singida unaoingiza vumbi hata chumba kikiwa kimefungwa madirisha. Kioo cha kompyuta nimekifuta mara tatu. Sina huzuni, na furaha pia sina. Nimeridhika, na nataka kuandika sababu yake kabla sijaanza kujidanganya.

Gazeti limefika saa tisa na nusu alasiri kwa basi la kutoka Dar. Habari iko ukurasa wa tatu, safu mbili. Aya ya nne haijakatwa hata neno moja.

Nirudi nyuma kidogo.

Tuko waandishi watano katika chumba kimoja, kila mtu na gazeti lake au redio yake. Jengo lilikuwa duka la ushirika. Mali ya umma ilipouzwa likapata mwenyewe, naye akalikata vyumba: fundi cherehani, muuza simu, sisi. Nilipoanza kazi hii mwandishi wa mkoa hakuwa na mtu wa kumwibia, kwa sababu magazeti yenyewe yalikuwa ya kuhesabu. Sisemi zamani ilikuwa bora. Nasema tu kwamba wizi wa habari ni jambo nililojifunza ukubwani.

Aliyenifundisha nitamwita Shija. Si jina lake. Ni Mnyamwezi aliyezaliwa Itigi, baba yake alikuwa mtu wa reli. Mimi ni Mnyaturu wa Mungaa. Kwa hiyo sisi ni watani, na asiyejua utani hataelewa kwa nini nilikaa kimya miezi sita.

Februari mwaka huu nilikwenda Sepuka mara tatu. Wakulima walikuwa wamenunua mbegu za alizeti kwa mfanyabiashara mmoja, wakapanda, mvua ikanyesha vizuri, shamba likabaki jekundu. Mama mmoja alikuwa amebakiza mbegu kwenye kopo. Alizifunga kwenye kitambaa chenye maji, akakaa siku sita, akafungua. Zilizoota alizihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki. Alizeti ya kukamua mafuta ilikuwa imeuzwa kama mbegu.

Mama huyo alinieleza yote kwa sharti moja, nisimtaje. Mfanyabiashara yule ni mume wa wifi yake, na wanaishi nyumba zinazotazamana. Nilimwahidi. Jina lake sitaliandika hapa pia.

Wakati huo chumba chetu kilikuwa na intaneti kwenye kompyuta moja tu, ya Shija, kwa kuwa ndiye katibu wetu na waya uliletwa mezani kwake. Sisi wengine tuliandika kwenye mashine zetu, tukaweka habari kwenye diski, tukapanga foleni nyuma ya kiti chake. Siku ile nilimpa diski yangu nikatoka kwenda kupokea simu. Kwenye diski kulikuwa na mafaili mawili: habari, isiyo na jina la mama, na maandishi yangu ya kazi, yenye jina.

Kuyaweka pamoja lilikuwa kosa langu. Naliandika kwanza ili nisilisahau nikifika kwenye ya Shija.

Habari yangu ilitoka Alhamisi. Yake ilikuwa imetoka Jumatano. Ukurasa wa kwanza, jina lake juu, na jina la mama yule katika aya ya pili, pamoja na kitongoji chake.

Nilimwuliza mbele ya wote. Hakukana. Alicheka, akaegemeza kiti ukutani.

"Mtani haibi, Mama Neema. Mtani anachukua. Wewe ukikuta kuku wangu barabarani utamwacha?"

Chumba kizima kilicheka. Hamisi wa redio alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nilicheka, kwa sababu mtu anayekasirika kwenye utani ndiye anayeonekana hana adabu. Hilo ndilo lililoniuma kuliko habari yenyewe. Niliibiwa, kisha nikalazimika kucheka.

Lakini utani ni wa watu wawili. Mama wa Sepuka hakuwa mtani wa mtu pale.

Nilimwendea mwezi Machi. Alisimama mlangoni na hakunipa kigoda. Alisema jambo moja tu.

"Mwandishi, nilikupa jina langu ulitunze."

Nilimweleza kuhusu diski. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimemaliza. Mwezi Juni nikasikia kwamba siku ya kupura mtama wake hakuja mtu. Alikuwa amepika pombe ya watu ishirini. Alipura peke yake siku nne, na wifi yake ng'ambo ya uwanja akawa anapepeta wa kwake bila kugeuza shingo. Hamjibu salamu mpaka leo.

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Mwezi uleule wote chumbani walikuwa wamechoka foleni. Shija mwenyewe alikuwa amechoka kukaliwa kiti chake. Nikasema nitaunganisha kompyuta zote: ile ya zamani ya pembeni tuitie kadi mbili za mtandao, moja ipokee waya wa nje, ya pili iende kwenye swichi ya kugawia sisi watano. Printa nayo ikae hapo katikati, anayetaka kuchapa aweke faili lake kwenye folda ya pamoja.

Shija alifurahi. "Mnyaturu ameacha ng'ombe, anachunga kompyuta," alisema, na akanipa ufunguo wa chumba kwa Jumamosi nzima.

Kadi ya pili nilipewa na Elibariki, fundi wa kompyuta wa Manyoni, aliyeitoa kwenye mashine mbovu. Nilifungua sanduku kwa bisibisi, nikatoa vumbi la kujaza kikombe, nikaichomeka. Nyuma kukawa na matundu mawili. Nilibandika plasta ya kidonda juu ya kila moja na kuandika kwa kalamu: NJE, NDANI. Kadi ya nje inapewa namba yake na kisanduku cha aliyetuuzia intaneti. Kadi ya ndani niliipa namba mwenyewe, 192.168.0.1, na zetu watano zikafuata: mbili, tatu, nne, tano, sita. Shija ni nne.

Ilifanya kazi kwa dakika kumi na moja, ikafa. Nikaizima, nikaiwasha. Dakika tano, ikafa. Niliandika saa za kila kifo kwenye daftari, kwa mazoea, kisha nikampigia Elibariki.

"Dada, lango umejaza kwenye kadi gani?"

"Zote mbili."

"Ndiyo hapo. Lango ni njia ya kutokea. Mtu ukimwonyesha milango miwili, na mmoja unaishia chooni, siku akiwa na haraka ataingia chooni. Ya ndani iache tupu."

"Tupu kabisa?"

"Tupu. Ya ndani haiendi mahali. Inakaa na wenzake tu."

Nilifuta. Toka saa hiyo haijafa tena. Kompyuta za wenzangu zinaiona ile namba moja kama lango lao, na kompyuta ya katikati peke yake ndiyo inayojua njia ya nje. Nilikaa kwenye sakafu na bisibisi mkononi nikalifikiria lile neno la Elibariki. Mashine inaweza kuwa ndani na wenzake, ikachapa, ikaona kila kilichomo, na isiwe na pa kutokea. Inatosha sehemu moja iachwe tupu.

Sikulitumia siku hiyo. Niliwapa wote lango, Shija pia.

Kilichobaki ilikuwa folda ya printa. Kompyuta iliniuliza kama nataka kuweka neno la siri, ili kila mtu aone ya kwake tu. Nilikaa mbele ya swali hilo muda wa kunywa chai nusu kikombe. Nikaiacha wazi.

Niliiacha makusudi. Wenzangu niliwaambia ni kwa ajili ya urahisi, na huo ni uongo pekee niliousema katika jambo lote hili.

Mtu aliyezoea kuchungulia diski hakosi kuchungulia folda. Kwanza niliweka habari ya kisima cha Kintinku, rasimu, ambayo nilikuwa nimekosea nikaandika kisima kiko mashariki ya reli. Kiko magharibi. Kwenye ile niliyotuma kwa mhariri wangu nilirekebisha, ya folda nikaisahau. Siku ya tatu kisima cha Shija kikatoka gazetini mwao, mashariki ya reli.

Nililaza magazeti mawili mezani nyumbani nikayapima kwa rula. Aya ya kwanza ameandika upya. Ya pili ameigeuza. Kuanzia ya tatu ni mimi, nukta kwa nukta. Nikatoa magazeti ya zamani niliyokuwa nimeyahifadhi, zile habari zangu nyingine alizowahi "kuchukua". Zote ni hivyohivyo. Shija husoma aya mbili, anazibadilisha, anaandika jina lake, anatuma. Ya tatu hajawahi kuigusa.

Upande wa pili namjua mhariri, yeyote yule. Nafasi ikiwa finyu anakata mkia. Habari ya aya nane hubaki tano au sita. Kwa hiyo kitu unachotaka kisisomwe na mwizi na kisikatwe na mhariri kina mahali pamoja pa kukaa.

Wiki iliyopita yule mfanyabiashara alikubali mbele ya mkutano wa kata kuwapa wakulima mbegu mpya kabla ya mvua. Nilikuwapo, nilisikia kwa masikio yangu. Jumapili niliandika habari, nikamtumia mhariri wangu. Kisha nikaandika nyingine, ileile, kwa ajili ya folda. Aya ya nne ya hiyo ya pili ilisomeka hivi:

"Katika habari ya kwanza kuhusu mbegu hizo, mwandishi wa gazeti hili alimtaja kwa jina mkulima mmoja wa Sepuka. Mkulima huyo hakuzungumza na mwandishi wa gazeti hili. Alizungumza na mwandishi mwingine kwa ahadi ya kutotajwa, na jina lake lilichukuliwa kwenye maandishi ya mwandishi huyo bila ruhusa. Aliyeahidi hakuvunja ahadi, na mkulima hakujitangaza. Mwandishi wa habari hii anamwomba radhi."

Nilisoma mara nne kutafuta neno lisilo la kweli. Maneno mawili tu ya mwisho yalinisumbua, kwa sababu kuomba radhi ni kwa mtu mwenyewe. Nikayaacha. Nilijiambia kwamba Shija akitaka kuyafuta, atayaona akisoma.

Jumatatu saa nne asubuhi alikuja kuchapa barua yake. Alikuwa anapiga mluzi. Kompyuta ya katikati huonyesha nani amefungua faili gani, na nilikuwa nimekaa mbele yake. Namba nne ilifungua barua. Kisha namba nne ikafungua habari yangu. Ilikaa wazi dakika tatu.

Nilikuwa na dakika tatu za kumwita. Alikuwa hatua sita kutoka kiti changu. Nilimwangalia kisogo, nikakumbuka pombe ya watu ishirini, nikaendelea kukoroga chai.

Leo basi limefika. Hamisi ana kawaida ya kutusomea magazeti kwa sauti ya redio, kila mtu na habari yake. Alipofika kwenye ya Shija alianza kwa madaha: "Na sasa kutoka Sepuka, mtu wetu..." Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne sauti ikapungua. Alimaliza kwa sauti ya kawaida ya mtu. Akashusha gazeti akamtazama Shija, kisha akanitazama mimi, akavua miwani. Safari hii hakucheka.

Shija alilichukua gazeti mkononi mwake akasoma mwenyewe. Nadhani ni mara ya kwanza kusoma habari yake mpaka mwisho.

Kabla hajasema neno simu yake ikalia. Alikuwa mhariri wake. Sauti ya mhariri yule ni kubwa, tulisikia wote. Alikuwa anapiga kumpongeza. Alisema katika miaka yake yote hajaona mwandishi wa mkoani anayekiri kosa bila kulazimishwa, na kwamba amezuia mtu asiikate aya ile.

Sikuwa nimelipanga hilo. Nilitegemea ugomvi, au aya kukatwa na mimi kuanza upya. Lakini tazama alivyobanwa. Akisema si yeye aliyeandika aya ya nne, ataulizwa nani aliandika ya tatu.

"Asante, mzee," alisema kwenye simu. "Niliona ni vizuri."

Alikata simu akaja mezani kwangu. Kwenye paji la uso alikuwa na jasho, pamoja na upepo wote huu.

"Mtani, umeniua."

"Mimi sijakugusa. Faili lilikuwa langu, kwenye folda ya printa. Umelichukua mwenyewe."

"Ulijua nitalichukua."

"Kuku alikuwa barabarani."

Mtu mmoja nyuma alijizuia kucheka, pumzi ikamtoka puani. Shija alijaribu kutabasamu, midomo ikakataa. Akasema tuyamalize kitani, atanunua mbuzi, tule chumba kizima. Nikamwambia mbuzi ni wa watani, na anayetudai katika jambo hili si mtani. Nikamwambia kesho naenda Sepuka na gazeti hili. Mama yule hajui kusoma vizuri, na wifi yake hatasoma kitu nitakachomletea mimi. Anahitajika mtu wa kusoma aya ya nne kwa sauti, uwanjani, katikati ya nyumba zile mbili, na mtu huyo awe ndiye mwenye jina lililoandikwa juu ya habari.

"Mbele ya mume wa wifi? Yule niliyemwandika?"

"Yeye hasa. Utampa shikamoo, ni mkubwa kwako."

"Na nisipokwenda?"

Nililichukua gazeti, nikalikunja. Alirudi mezani kwake. Baada ya robo saa nikasikia anabonyeza na kubonyeza, anavuta waya nyuma ya mashine, anaupuliza.

"Mama Neema, intaneti yangu imekufa."

"Haijafa. Imechukuliwa."

Nilikuwa nimefanya hivyo saa saba, alipokwenda kula, kabla basi halijafika. Nilikaa kwenye kiti chake, nikafungua mipangilio ya kadi yake, nikafuta namba ya lango. Kila kitu kingine kipo. Anaiona printa, anaiona folda, ambayo toka leo ina neno la siri. Ndani yumo na wenzake. Nje hayupo. Namba anayoikosa ni ileile waliyonayo wenzetu wote, na wangemwambia akiwauliza, lakini hajui kwamba kinachokosekana ni namba. Angeangalia sehemu ya nne kwenye ule ukurasa wa mipangilio angekuta patupu.

Hamisi anajua. Aliniona. Shija alipomwomba amsaidie, alisema yeye ni mtu wa redio, mambo ya waya hayajui.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro, wote wameondoka, upepo umepungua. Najiuliza swali ambalo ningemwuliza mtu mwingine yeyote: nimefanya hili kwa ajili ya mama wa Sepuka, au kwa ajili yangu?

Kwa ajili yangu, kwanza. Kama ningekuwa namfikiria yeye tu, ningeweza kumfuata mhariri wa Shija mwezi Machi na kumwomba aandike masahihisho. Sikwenda. Nilitaka ayaandike Shija kwa mkono wake bila kujua, na chumba kilekile kilichocheka kiwe kinasikiliza. Nimepata. Mama alisubiri miezi sita ili mimi nipate, na katika miezi hiyo ndimo alimopura mtama peke yake. Hilo sitamlaumu Shija. Kesho nitamwambia mama mwenyewe, baada ya aya kusomwa, na asiponipa kigoda nitaelewa.

Hapa nimemficha Shija jina, nikampa kile alichomnyima yule mama. Nimeona niseme, asije akadhani nimesahau.

Kabla hajatoka alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Gari la Sepuka linaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Haya, mtani," alisema, halafu akajirekebisha. "Haya, Mama Neema."

Namba ya lango lake nimeiandika kwenye kikaratasi, nikakichomeka ndani ya daftari la Sepuka, katikati ya kurasa za Februari. Nitakitoa siku wifi atakapoitikia salamu. Kama ni kesho, atakuwa na intaneti keshokutwa. Kama ni mwakani, printa ipo.